Kushtakiwa kwa Deni Shasha: Kutoka Baraza la Mwami hadi Hati ya Wito

Shasha ipo kando ya Ziwa Kivu, kwenye barabara ya Sake kwenda Minova, katika sheferi ya Bahunde, teritware ya Masisi. Zamani aliyedaiwa hapa alijibu kwa mdomo. Dekreti ya 15 Aprili 1926 ilizipa mahakama za wenyeji nafasi rasmi, na mbele ya waamuzi wa mwami, yaani chifu, mdai na mdaiwa walisimama pamoja na mashahidi wao. Aliyekana deni alikana mbele ya majirani waliojua mbuzi alitoka zizi gani. Aliyekubali aliomba muda. Baraza hilo lisipambwe mno, kwani chifu aliyesimamia kodi ya mkoloni ndiye aliyesimamia pia haki.

Sheria ya maandishi ilikuwepo tayari. Dekreti ya 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo ingali msingi wa madeni nchini Kongo, inamtaka anayedai athibitishe deni, na anayesema amelipa athibitishe malipo. Kwa hiyo kikaratasi cha malipo kilianza kushinda kumbukumbu ya jirani.

Badiliko kubwa lilikuja na kanuni za mashauri ya madai za 7 Machi 1960, miezi michache kabla ya uhuru. Hati ya wito hutaja mdai, sababu ya dai, mahakama, siku na saa. Mdaiwa akikosekana nyumbani, ndugu yake anaweza kuipokea. Kati ya kuipokea na kusikilizwa hupita siku 8 kamili, na siku 1 huongezwa kwa kila kilomita 100. Kipimo hicho kilihesabu umbali na kusahau matope: Shasha haifiki kilomita 100 kutoka Goma, basi barabara ikikatika, siku ni zilezile. Asiyefika huweza kuhukumiwa bila kuwepo, ingawa hakimu lazima aone dai lina haki na limethibitishwa. Baada ya kukabidhiwa hukumu hiyo, ana siku 15 za kuipinga. Mdaiwa anaweza kufika mahakamani mwenyewe, kumtuma wakili, au kumpa mtu mwingine mamlaka ya maandishi, mahakama ikimkubali.

Mwaka 1968 serikali ilianzisha mahakama za amani zichukue nafasi ya zile za kimila, lakini pale ambapo hazikufunguliwa, mwami aliendelea kuamua.

Kongo ilipoingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika yenye sheria za pamoja za biashara, Septemba 2012, ilipokea njia kali zaidi: hakimu huweza kuamuru malipo kwa kusoma karatasi za mdai peke yake. Sheria ya OHADA ya 1998 ilimpa mdaiwa siku 15 za kupinga amri hiyo. Sheria hiyo ilirekebishwa Oktoba 2023. Mdaiwa akipinga, mahakama huanza kwa kujaribu kuwapatanisha, jambo ambalo wazee wa baraza wangelitambua. Hakimu anaweza pia kumpa muda wa kulipa usiozidi mwaka 1, isipokuwa kwa madeni machache, kama yale ya matunzo ya familia.

Huku kadi za mkopo si kawaida. Madeni hutoka kwenye koopeki, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, zilizowekewa sheria yake mwaka 2002, kwa wakopeshaji wa riba kubwa waitwao Banque Lambert, au kwenye AVEC, vikundi vya akiba vyenye sanduku la kufuli tatu. Januari 2025, waasi wa M23 walipoiteka Goma, benki za mji huo zilifungwa, lakini sanduku la AVEC halitegemei benki. AVEC pia husuluhisha madeni yake katika mkutano wa wanachama, bila hati ya wito.