Neno 'charge' lina maana nyingi, moja yaweza kukugharimu shamba
Na MWANDISHI WETU

NENO la Kiingereza "charge" limezoeleka mno mijini kiasi kwamba wengi hudhani wanalijua. Kinyozi hulitamka anapotaja bei yake, polisi hulitumia kituoni, naye kijana hulikumbuka simu inapomzimikia. Lakini limo pia katika hati za mikopo ya benki, na humo ndimo linamowapiga chenga hata watu wazima wenye elimu yao.

Asili yake ni Kilatini. "Carrus" lilikuwa gari la kukokotwa, na kutokana nalo kikazuka kitenzi cha kupakia mzigo, ambacho kiliwafikia Waingereza kupitia Kifaransa cha kale. Ukilishika wazo hilo la mzigo, maana zinazoonekana kutohusiana huanza kujipanga zenyewe. Msimamizi wa ofisi amebebeshwa jukumu. Mnunuzi hubebeshwa bei. Bunduki za zamani zilishindiliwa baruti kabla ya kufyatuliwa, na betri nayo hushindiliwa umeme. Katika maana hii ya mwisho Kiswahili hakikuhangaika kutafuta neno jingine: chaji na kuchaji yameshakuwa yetu, hata katika masomo ya fizikia, ambamo huzungumzwa habari za chaji chanya na chaji hasi.

Mahakamani neno hilo ni shtaka, na karatasi inayosomwa mbele ya hakimu ni hati ya mashtaka. Ikumbukwe kwamba kukamatwa si kushtakiwa. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha, au siku ya korti inayofuata iwapo muda huo unakatikia nje ya saa za kazi. Huko ama atashtakiwa, ama ataelezwa sababu ya kuendelea kuzuiliwa, ama ataachiliwa. Kwa hivyo kusema mtu "amechajiwa" eti kwa kuwa amelala seli ni kosa, na sisi wa magazeti hatujasalimika nalo.

Maana iliyo na hatari zaidi, hata hivyo, ni ile ya Sheria ya Ardhi ya 2012. Humo "charge" ni rehani: haki ambayo mwenye shamba au nyumba humpa mkopeshaji juu ya mali hiyo ili iwe dhamana ya deni. Umiliki hauhamishwi, ila mali imetwikwa mzigo, na deni lisipolipwa yaweza kuuzwa. Balaa ni kwamba katika faili hiyo hiyo ya benki neno lilo hilo, kwa wingi, humaanisha ada za kawaida za kushughulikia mkopo. Anayesoma harakaharaka, hasa aliyeombwa na ndugu au rafiki amdhamini kwa hati yake ya shamba, anaweza kutia sahihi akidhani anakubali kulipa ada tu.

Sheria haikumwacha mkopaji mikono mitupu. Nyumba ya wanandoa haiwekwi rehani bila ya idhini ya mume au mke wa mwenye hati. Aliyeshindwa kulipa kwa mwezi mmoja anaweza kupewa ilani ya siku 90. Zikipita bila ya malipo, mkopeshaji anayetaka kuuza sharti atoe ilani nyingine ya angalau siku 40. Anayeuza anawajibika pia kutafuta bei nzuri iwezekanavyo, wala si kumtupia dalali mali kwa bei ya kutupa.

Deni likiisha huja neno jingine, "discharge", yaani kutuliwa mzigo. Mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani hospitali hulitumia lilo hilo, na hata usaha unaotoka kidondani huitwa vivyo hivyo. Kwa mwenye shamba, ni hati ya kuondoa rehani. Haitoshi benki kumrudishia hati miliki pamoja na barua ya pongezi. Uondoaji huo sharti usajiliwe katika afisi ya ardhi, la sivyo atakayekwenda kupekua rejista, awe mnunuzi au benki nyingine, ataikuta rehani ingali palepale.