Tigers wa Gwangju: Zawadi ya Dikteta Iliyomgeuka

Machi 27, 1982, Rais Chun Doo-hwan wa Korea Kusini alisimama katikati ya uwanja wa Dongdaemun jijini Seoul, akarusha mpira wa kwanza, na ligi ya kulipwa ya besiboli ikazinduliwa. Jenerali huyo alikuwa ameingia madarakani kwa mtutu wa bunduki, na wapinzani wake hawakuwa na shaka juu ya nia yake: vijana wapate kitu cha kupigia kelele, siasa waisahau. Timu zilikuwa sita, kila moja mali ya kampuni, kila moja na mkoa wake. Samsung walipewa Daegu. Lotte wakapewa Busan. Mikoa ya Jeolla, kusini-magharibi mwa nchi, iliangukia kwa Haitai, kampuni ya biskuti na peremende, na makao ya timu yakawa Gwangju.

Na Gwangju ndiyo iliyokuwa na deni la kumdai Chun. Miaka miwili tu kabla, Mei 18, 1980, wanafunzi wa jiji hilo walipoandamana kupinga utawala wa kijeshi, askari wa miavuli waliwashukia kwa virungu na singe, kisha kwa risasi. Wananchi walivunja maghala ya silaha, wakawafukuza wanajeshi, wakaliongoza jiji lao wenyewe kwa siku kadhaa. Alfajiri ya Mei 27 jeshi lilirudi na vifaru. Mamia walikufa. Kim Dae-jung, mwanasiasa kipenzi wa Jeolla, alikuwa amekamatwa usiku wa kuamkia ghasia hizo, na baadaye akahukumiwa kifo, hukumu ambayo haikutekelezwa. Magazeti hayakuruhusiwa kuandika ukweli, na waliofiwa walikatazwa hata kuomboleza hadharani.

Katika jiji la namna hiyo, serikali ikaleta timu na uwanja wa kukusanyikia watu kwa maelfu. Ni vigumu kuelewa waliofikiria jambo hilo walifikiria nini.

Mwanzoni Haitai Tigers hawakumtisha mtu. Kampuni yao ilikuwa ndogo ukiilinganisha na Samsung au Lotte, pesa zilikuwa za kubana, na kikosi walichoanza nacho hakikufika hata wachezaji 20. Kocha wa kwanza, Kim Dong-yup, alifukuzwa baada ya michezo 13. Kwa uhaba huo wa watu, Kim Seong-han alilazimika kufanya kazi za watu wawili: leo mrushaji, kesho mpigaji, na siku nyingine vyote viwili. Akamaliza mwaka akiwa ameshinda michezo 10 kama mrushaji, na papo hapo akaongoza ligi nzima kwa kuleta mikimbio 69 kwa mapigo yake. Rekodi ya aina hiyo husomwa mara mbili kabla ya kuaminika.

Kisha akaja Kim Eung-ryong, jitu la mtu lililoitwa Tembo. Hakuwa mwana wa Jeolla. Alizaliwa upande wa Kaskazini, akakimbilia Kusini akiwa mtoto wakati wa vita. Alikuwa mkali, wa maneno machache, mwenye mkono mwepesi wa kurusha viti. Katika msimu wake wa kwanza, 1983, alitwaa ubingwa. Akautwaa tena 1986, 1987, 1988 na 1989, miaka minne mfululizo. Ukaja wa 1991, wa 1993, wa 1996 na wa 1997. Jumla tisa ndani ya miaka 15, na hakuna fainali hata moja ambayo timu hiyo iliingia ikatoka mikono mitupu.

Uwanja wa Mudeung ukawa mahali ambapo Gwangju ilizungumza. Tigers walipokuwa wakiongoza, majukwaa yaliimba “Machozi ya Mokpo”, wimbo wa huzuni wa mwaka 1935 kuhusu mji wa bandari wa Jeolla, uliotungwa wakati Korea ikiwa chini ya Wajapani. Si wimbo wa kushangilia mpira hata kidogo. Ni wimbo wa kuachwa na kungoja. Mashabiki waliuimba hata ugenini, maana watu wa Jeolla walikuwa wametawanyika nchini kutafuta kazi za viwandani, wakidharauliwa kwa lafudhi yao. Na kelele zikipanda sana, jina la Kim Dae-jung lilisikika likiitwa kutoka majukwaani, kana kwamba naye yuko kwenye orodha ya wapigaji. Watawala walielewa. Kwa miaka mingi ratiba ya ligi ilipangwa ili Mei 18 timu isiwe nyumbani.

Chuki ya mikoa nayo iliingia uwanjani. Daegu, nyumbani kwa Samsung Lions, ilikuwa ngome ya majenerali waliotawala nchi. Katika fainali ya 1986, chupa iliyorushwa kutoka jukwaani Gwangju ilimpiga mrushaji wa Samsung, Jin Dong-han. Timu zilipohamia Daegu na wenyeji wakafungwa katika mchezo wa tatu, mashabiki wao walilitia moto basi la Tigers. Besiboli iliyoletwa ili watu wasahau siasa ilikuwa imewapa uwanja wa kuipigania.

Hata hivyo, tusiitwishe siasa sifa zote. Uchungu peke yake haupigi mpira. Haitai walishinda kwa sababu mikoa yao ilizaa wachezaji wa ajabu, na juu yao wote alikuwa Sun Dong-yol, kijana wa Gwangju. Mrushaji hupimwa kwa wastani wa mikimbio anayoruhusu kwa kila awamu tisa, yaani mchezo mmoja kamili, na anayeruhusu miwili na nusu ni mrushaji wa kuheshimiwa kokote duniani. Sun mwaka 1986 aliruhusu 0.99. Mwaka uliofuata 0.89, na mwaka 1993 akashuka hadi 0.78. Mei 16, 1987, kule Busan, alikutana na Choi Dong-won wa Lotte. Awamu tisa hazikutoa mshindi. Hakuna kati yao aliyekubali kutoka kabla ya mwenzake, wakaendelea hadi awamu ya 15, sare ya 2–2. Choi alirusha mipira 209 na Sun 232, zaidi ya mara mbili ya kile ambacho daktari wa michezo wa leo angekivumilia. Mchezo huo umetengenezewa filamu, nao ulistahili.

Baada yake akang'aa Lee Jong-beom, waliyemwita Mwana wa Upepo, ambaye mwaka 1994 pekee aliiba vituo 84, yaani alikimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri mpira upigwe.

Mwaka 1996 Chun alipandishwa kizimbani kwa mapinduzi na mauaji ya Gwangju, akahukumiwa kifo kabla ya adhabu kupunguzwa na hatimaye kusamehewa. Vuli ya mwaka huohuo Tigers wakachukua ubingwa wa nane. Kisha ikaja 1997, mwaka ambao mambo yote yalitokea kwa pamoja. Oktoba, ubingwa wa tisa. Siku chache tu baadaye, Haitai ikaanguka katika mgogoro wa fedha ulioikumba Asia. Desemba, Kim Dae-jung akachaguliwa kuwa rais.

Sun alikuwa ameshakwenda Japani kuchezea Chunichi Dragons, na Lee akamfuata huko 1998. Lim Chang-yong, mrushaji tegemeo, akapelekwa Samsung, watani wa jadi, kwa kubadilishana na wachezaji pamoja na pesa. Malalamiko ya kocha Tembo kwamba Dong-yol hayupo na Jong-beom hayupo yaligeuzwa kichekesho cha taifa. Kufikia msimu wa 2001 yeye mwenyewe alikuwa amehamia Samsung, na Agosti mwaka huo kampuni ya magari ya Kia ikaichukua timu.

Kia Tigers walisubiri hadi 2009. Mchezo wa saba wa fainali, awamu ya tisa, Na Ji-wan akaupiga mpira juu ya uzio na kuwamaliza SK Wyverns 6–5. Walirudia 2017 dhidi ya Doosan Bears.

Ubingwa wa karibuni zaidi ni wa 2024, dhidi ya Samsung walewale. Nyota wa msimu alikuwa Kim Do-yeong, mzaliwa wa Gwangju, ambaye alipozaliwa jina la Haitai lilikuwa limeshafutwa kwenye jezi. Kombe lilinyanyuliwa Gwangju kwenyewe, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1987, kwa kuwa miaka mingi michezo ya mwisho ilipelekwa Seoul. Tigers sasa wameingia fainali mara 12 na kushinda mara zote 12, na hakuna timu ya Korea yenye mataji mengi kuliko wao.