Mimea Stahimilivu ya Vyunguni: Mambo ya Kuzingatia Katika Maeneo Yenye Kiangazi Kirefu

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Katika mikoa ya kanda ya kati, ikiwemo Dodoma na Singida, mvua hunyesha kwa msimu mmoja, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi inayosalia ni ya jua kali na upepo mkavu. Kwa mwananchi anayekusudia kupendezesha baraza, ua au lango la ofisi kwa mimea ya kudumu iliyopandwa vyunguni, hali hiyo ndiyo kigezo cha kwanza cha uchaguzi, kwani mmea usiohimili ukame utadai maji ambayo kaya inayahitaji kwa matumizi mengine.

Tofauti ya chungu na ardhi

Mizizi ya mmea uliopandwa ardhini huweza kushuka kuufuata unyevu, lakini ile ya chunguni haina pa kwenda. Aidha, udongo wa chungu ni mchache, hivyo hupata joto na kukauka upesi. Ndiyo maana mmea unaostawi bustanini bila kumwagiliwa huweza kunyauka chunguni ndani ya siku chache.

Mimea inayofaa

Mshubiri na sansevieria huhifadhi maji katika majani yake manene, na hufungua vitundu vya hewa vya majani hasa nyakati za usiku, hali inayopunguza upotevu wa maji. Hudhurika zaidi kwa maji mengi kuliko kwa ukame.

Waridi la jangwa, ambalo Afrika Mashariki ni miongoni mwa maeneo yake ya asili, huweka akiba ya maji katika shina lililovimba na huchanua vizuri juani.

Bogenvilia, yenye asili ya Amerika Kusini, huchanua zaidi pale udongo unapoachwa ukauke kiasi kabla ya kumwagiliwa tena. Huhitaji jua la kutosha na kupogolewa.

Mchaichai huhitaji maji zaidi ya mimea iliyotajwa hapo juu, lakini hurudisha gharama kwa kuwa majani yake hutumika katika chai. Shina likijaa chungu, hugawanywa na kupandwa upya.

Kwa wakazi wa Pwani na Zanzibar, ambako hewa ina unyevunyevu, asumini nayo hustawi vyema chunguni. Hata hivyo, si kila mmea wa asili ya Tanzania unafaa kuwekwa juani: urujuani wa Usambara, mathalani, ni mmea wa kivuli cha msituni na majani yake huungua.

Chungu na udongo

Chungu sharti kiwe na matundu chini. Chombo cha rangi nyeusi huongeza joto kwenye mizizi, na chungu cha udongo wa mfinyanzi hukauka upesi kuliko cha plastiki. Changanya udongo wa juu, mboji iliyoiva na mchanga. Kwa mshubiri na waridi la jangwa, ongeza mchanga. Kuweka tabaka la kokoto chini hakuboreshi utokaji wa maji kama inavyodhaniwa, bali hupunguza nafasi ya mizizi. Kwa wakazi wa ghorofani, izingatiwe kuwa chungu cha lita 40 chenye udongo uliolowa huweza kuzidi kilo 50.

Tahadhari za afya

Maji yanayotuama katika visahani vya vyungu ni mazalia ya mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya kidingapopo, ugonjwa uliolipuka jijini Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Yai la mbu huyo huweza kufikia hatua ya mbu kamili katika muda wa takriban juma moja. Kwa hiyo, visahani vimwagwe maji na kusuguliwa angalau mara moja kwa wiki. Kumwaga pekee hakutoshi, kwa kuwa mayai hunata ukingoni na huweza kubaki hai kwa miezi kadhaa bila maji. Ulio salama zaidi ni kuacha visahani kabisa kwa vyungu vya nje.

Vilevile, utomvu wa waridi la jangwa ni sumu, na katika baadhi ya jamii umetumika kupaka mishale. Chungu chake kiwekwe mbali na watoto na mifugo, na anayeupogoa avae glavu na kunawa mikono baadaye.