Ndimu ni ya Kitonga: Historia ya Kuzuia Matapishi ya Tibakemikali

Anayeijua barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya anazijua kona za Kitonga. Hapo hata mzima hunusa ndimu na kuomba mfuko. Sasa mfikirie mgonjwa wa saratani aliyetundikiwa dripu ya tibakemikali jana, anarudi kwao Mbalizi, jirani na Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 800. Kwa miaka mingi wagonjwa wa Nyanda za Juu Kusini waliifuata tiba Ocean Road jijini Dar es Salaam, hospitali iliyojengwa na Wajerumani miaka ya 1890 na kufanywa taasisi ya saratani mwaka 1996.

Sisplatini, dawa ya tibakemikali iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978, ilisifika kwa kuua uvimbe na kuogopwa kwa kumtapisha mgonjwa hadi nyongo. Mwaka 1981, Richard Gralla na wenzake jijini New York walijaribu metoklopramidi, dawa ya tumbo, kwa dozi kubwa ya mshipani. Kati ya waliopewa dawa bandia, nusu walitapika zaidi ya mara 10. Kati ya waliopewa yenyewe, nusu walitapika mara moja au hawakutapika kabisa. Kasoro yake ni kwamba wengine huwakakamaza shingo na taya.

Baadaye siri ikaonekana utumboni. Tibakemikali huchokoza seli za utumbo zikamwaga kemikali ya serotonini, na mshipa wa fahamu ukaupelekea ubongo habari. Ondansetroni ya Glaxo, iliyoingia sokoni mwaka 1990, huizuia habari hiyo isipokelewe. Ikiambatana na dawa nyingine, deksamethasoni, wengi huivuka siku ya kwanza salama.

Ila matapishi yana awamu mbili. Ya pili huanza baada ya saa 24, na kwa sisplatini hupamba moto siku ya pili na ya tatu, mgonjwa akiwa njiani au kwake. Awamu hii hupita njia nyingine ya ubongo, iliyozibwa na aprepitanti mwaka 2003, dawa ya bei kubwa. Mwaka 2016, Rudolph Navari na wenzake walionyesha kuwa olanzapini, dawa ya maradhi ya akili, ikiongezwa kwenye hizo nyingine kwa siku 4 hupunguza kichefuchefu, ingawa hutia usingizi.

Kwa hiyo msafiri wa Mbalizi asiridhike na sindano ya kliniki pekee. Kabla ya kukata tiketi, amuulize daktari vidonge vya siku zinazofuata. Ndimu abebe, lakini ndimu ni ya Kitonga. Dripu ina vidonge vyake.