Kampala: Soko la Kazi Lililoendeshwa kwa Amri

Oktoba 1970, serikali ya Milton Obote iliwaamuru vibarua wa Kenya waondoke Uganda. Watu wapatao 30,000 wakafungasha virago, wengi wao Waluo waliokuwa wakifanya kazi relini, viwandani na majumbani mwa watu. Haikuwa mara ya kwanza kwa amri ya wakubwa kuamua nani afanye kazi Kampala, wala haikuwa ya mwisho.

Amri ya kwanza ilikuja na kodi. Mkataba wa Buganda uliotiwa saini Mengo tarehe 10 Machi 1900 ulitoza rupia 3 kwa kila nyumba. Asiye na rupia ilimlazimu aitafute: abebe mizigo, ajenge barabara au alime pamba. Mwaka 1909 ikaongezwa kasanvu, yaani kazi ya lazima ya serikali kwa ujira mdogo, iliyochukiwa hadi ikafutwa mwaka 1922. Waganda walipoanza kuishi kwa pamba na kahawa, wengi waliukwepa ukibarua, na nafasi zao zikachukuliwa na Wanyarwanda na Warundi waliotembea kwa miguu wakikimbia shokoa ya Wabelgiji.

Reli ilifika Kampala mwaka 1931 na mji ukavuta watu zaidi. Vita Kuu ya Pili ikapandisha bei ya nguo na vyakula, huku mishahara ikibaki palepale. Januari 1945 wafanyakazi wakagoma, na mgomo ukaenea hadi miji mingine. Polisi walifyatua risasi na watu wakafa. Madai ya waliogoma yalikuwa rahisi kueleweka: mshahara utoshe kununua chakula.

Agosti 1972 Rais Idi Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Zaidi ya watu 50,000 waliondoka. Maduka na viwanda vyao viligawiwa askari na marafiki wa utawala, ambao wengi hawakujua kuagiza mali wala kutunza mashine. Habari inayosahaulika ni ya Waafrika waliokuwa wameajiriwa humo: makarani, washonaji, madereva, walinzi. Rafu zilipobaki tupu, na ajira zao zikapotea. Sukari ikawa ya magendo, na mtumishi wa serikali akawa anaishi kwa shamba la migomba na biashara ya pembeni.

Miaka ya 1990 ilileta amri ya aina nyingine, safari hii kwa shinikizo la Benki ya Dunia na IMF. Watumishi wa umma, takriban 320,000 mwaka 1990, walipunguzwa hadi karibu nusu katika miaka michache, na mashirika ya umma yakauzwa. Waliopunguzwa, pamoja na vijana wasiopata ajira, waliingia soko la Owino kuuza mitumba, wakaendesha pikipiki za bodaboda, au wakaenda mtaa wa Katwe. Huko Katwe fundi hukata vyuma chakavu, akavikunja kwa nyundo na kuvichomelea, vikatoka vikiwa masigiri, masufuria na mageti. Kazi hiyo haina mkataba wala pensheni, lakini inasomesha watoto.

Amri bado zinatolewa. Januari 2022 mamlaka ya jiji iliwaondoa machinga barabarani. Wasichana wanaokwenda kyeyo, yaani kazi za ughaibuni, Saudi Arabia walizuiwa mwaka 2016 kwa sababu ya unyanyasaji, kisha mwaka 2017 wakaruhusiwa tena.

Kuna amri moja tu ambayo imekosa mtu wa kuitoa. Kima cha chini cha mshahara kiliwekwa mara ya mwisho mwaka 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi, tena kabla sarafu haijakatwa sufuri mbili mwaka 1987. Bunge lilipitisha muswada mpya mwaka 2019, Rais Museveni akakataa kuutia saini. Dola iliyoweza kuwahamisha maelfu ya wafanyakazi kwa tamko moja haiwezi kudai kwamba imeshindwa kuwalinda. Waliogoma mwaka 1945 waliuliza swali la haki, na wafanyakazi wa Kampala bado wanadai jibu.