MARHAMU: HISTORIA YA DAWA YA KUPAKA KIDONDA



Ndugu zangu, wengi mmeniandikia kuhusu hizi dawa za kupaka zinazouzwa mitandaoni kwa jina la "dawa ya Mtume". Wengine mnataka kujitengenezea nyumbani. Kabla ya kusema inafaa au haifai, njoo kwanza tuangalie wenzetu waliotangulia walivyotibu vidonda. Humo mna jibu kubwa.

Anzia Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Mtume (s.a.w) amejeruhiwa usoni na jino lake limevunjika. Sahal bin Saad (r.a) ametusimulia, na Bukhari na Muslim wameipokea, kwamba Bibi Fatima (r.a) alikuwa akiosha damu huku Ali (r.a) akimmiminia maji kwa ngao. Bibi Fatima akaona maji yanazidisha damu. Akachukua kipande cha mkeka, akakichoma mpaka kikawa majivu, akayabandika juu ya jeraha, damu ikakata.

Hebu tulia hapo kidogo. Ameanza kwa kuosha. Kisha akatazama, akaona njia ya kwanza haifanyi kazi, akabadilisha. Na huyo anayetibiwa ni kiumbe bora mbele ya Allah, naye hakukataa kutibiwa kwa sababu tu ni Mtume.

Karne nyingi baadaye Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, alieleza kwa nini majivu yale yalifaa: mkeka ule ulikuwa wa mafunjo, na majivu ya mafunjo hukausha sana bila kuchoma sana. Unajua alimtaja nani kama ushahidi? Ibn Sina, mwenye kitabu cha Qanun! Yule yule ambaye Ibnul Qayyim alimpinga vikali katika mambo ya itikadi. Lakini kwenye jeraha alichukua elimu kwa mwenye elimu yake. Leo sisi tunagombana na daktari wa zahanati kwa sababu hana ndevu.

Yupo pia Bibi Rufaida wa kabila la Aslam. Saad bin Muadh (r.a) alipopigwa mshale wa mkono katika vita vya Khandaq, Mtume (s.a.w) aliamuru awekwe kwenye hema la mama huyu, na hema lilikuwa ndani ya msikiti. Saad alifariki baadaye kwa jeraha lile. Alitibiwa, na qadar ikapita. Hakuna aliyesema Rufaida hakuwa na imani.

Sasa neno lenyewe. Sisi Waswahili tunasema marhamu, na ni Kiarabu, marham. Madaktari wa Baghdad walikuta elimu hii kwa Wagiriki, wakaifasiri. Hunayn bin Ishaq, tabibu Mkristo aliyefariki mwaka 873 Miladi, alifasiri vitabu vingi vya Galen. Humo mna mchanganyiko wa nta ya nyuki na mafuta ya zeituni, ambao Waarabu waliuita qayruti, na neno hilo nalo asili yake ni Kigiriki. Zikaandikwa aqrabadhin, yaani vitabu vya kuchanganya dawa. Sabur bin Sahl, aliyefariki mwaka 255 Hijria, aliandika kimoja cha mwanzo, na marhamu zina mlango wake. Kule Andalusia, az-Zahrawi aliandika at-Tasrif yenye sehemu 30.

Lakini nikwambie ukweli ambao wauzaji hawakwambii. Katika marhamu zile mashuhuri, baadhi zilitiwa isfidaji, ambayo ni unga mweupe wa risasi, na nyingine zinjari, ile kutu ya kijani ya shaba. Risasi ni sumu. Wao walifanya kwa kadiri ya elimu ya zama zao, Allah awalipe kwa juhudi zao. Wewe unayejua leo huna udhuru. "Ni ya kale" si dalili kwamba ni salama.

Na usidhani soko la zamani lilikuwa huria. Kulikuwa na muhtasibu, msimamizi wa soko, na vitabu vya hisba kama cha ash-Shayzari vilimfundisha hila za wauza dawa, mfano kasumba iliyoghushiwa kwa gundi na utomvu wa letusi-mwitu. Kwa sababu Mtume (s.a.w) ametubainishia kwamba anayetibu watu ilhali hajulikani kwa utabibu, madhara atakayosababisha yako juu yake. Abu Daud ameipokea. Wewe unayefunga kopo na kubandika jina la Mtume juu yake, umeisoma hadithi hiyo?

Ama ya nyumbani, ile qayruti haina siri. Gramu 20 za nta ya nyuki kwa gramu 100 za mafuta ya zeituni, au ya nazi ukipenda, ila kwa joto letu la pwani ongeza nta kidogo. Weka kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, usiweke moja kwa moja juu ya moto. Ikiyeyuka, mimina kwenye kopo safi lililokauka kabisa, maana maji yakiingia itaota ukungu. Asali usichanganye humo, itajitenga na mafuta.

Itumie kwa visigino vilivyopasuka, midomo mikavu, na mchubuko mdogo uliokwisha oshwa. Kuungua hapana! Chuoni kwetu aliletwa mtoto aliyeungua mkono, kapakwa dawa ya meno na unga wa ngano. Muuguzi alihangaika muda mrefu kuyabandua na mtoto analia. Aliyeungua muweke mkono chini ya maji baridi ya bomba dakika 20, kisha mpeleke. Umeona, tunarudi kwenye maji ya Ali.

Aliyeumwa na mbwa, osha kwa sabuni na maji dakika 15, kisha chanjo, siku hiyo hiyo. Na mwenye kisukari mwenye kidonda cha mguu asipake chochote cha kopo, hata hii yangu. Aende hospitali leo, asingoje Ijumaa ipite.

Wallahu aalam.