Miungu ya Hesabu na Miungu ya Watu: Visasili vya Kubuni Mezani

Tumezoea kufundishwa kwamba kisasili hakina mwandishi. Ni mali ya jamii nzima, kimerithishwa kwa mdomo. Makala haya yanachunguza visasili vya aina nyingine, vyenye mwandishi, mwaka na hata bei: vile vilivyobuniwa Marekani kwa ajili ya michezo ya uhusika. Katika michezo hiyo watu huketi mezani, kila mmoja akavaa nafsi ya mhusika wake. Mwendesha mchezo husimulia, na dadu huamua nani kapona na nani kafa. Swali letu ni moja tu: je, kisasili cha kubuni hupata uhai kutoka wapi?

Tuanze na Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka mwaka 1974. Mwaka 1976 kilifuata kitabu cha miungu, Gods, Demi-Gods & Heroes. Humo kila mungu kapewa uwezo wake na alama za uhai, yaani kiasi cha mapigo anachostahimili kabla ya kufa. Odin, baba wa miungu ya Skandinavia, kapewa 300. Nia ilikuwa kuwaaibisha wachezaji waliokuza wahusika wao kupita kiasi: kama Odin mwenyewe ana 300, wewe ni nani? Lakini namba nayo ina ulimi wake. Ukishamwambia mtu kwamba mungu ana alama 300, umemwambia pia kuwa zikiisha, mungu kwisha!

Deities & Demigods ya mwaka 1980 iliendeleza mtindo uleule. Ilikusanya miungu ya Wagiriki, Wahindi, Wachina na wengineo. Afrika ikawakilishwa na Misri peke yake. Je, tulalamike? Kidogo. Maana hata walioingizwa waliingia kama orodha ya bidhaa dukani.

Njia ya pili ni ya Greg Stafford. Alianza kuandika habari za ulimwengu wake, Glorantha, mwaka 1966 akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, yaani mwenzetu. Mwaka 1978 ulitoka mchezo wa RuneQuest uliotumia ulimwengu huo, na mwaka 1979 yeye na Steve Perrin wakatoa Cults of Prax. Hapa jambo kubwa ni waumini: nani anamwabudu mungu huyu, anapokelewaje, ana miiko gani, anagombana na nani. Orlanth, mungu wa dhoruba, alimuua Yelm, mfalme jua. Waulize watu wa Orlanth, watakwambia ule ulikuwa ukombozi. Waulize watu wa Yelm: uasi mtupu! Tukio ni moja, visasili ni viwili, na mchezaji hana budi kujua yeye ni wa upande gani.

Stafford alitutania hata sisi wasomi. Katika historia ya Glorantha wamo wanazuoni waitwao God Learners, walioamini kwamba visasili vyote kwa hakika ni kimoja. Basi wakabadilishana miungu wa kike wa nafaka wa nchi mbili, eti ni walewale. Mazao yakaharibika, na mwishowe wao wenyewe wakaangamia.

Wapo watakaosema: kisasili halisi huaminiwa, hiki ni mchezo tu. Ni kweli, mchezaji hamtolei Orlanth sadaka. Lakini M.M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alitukumbusha kwamba fasihi simulizi ni tukio: yupo fanani, ipo hadhira, upo muktadha. Meza ya mchezo inavyo vyote hivyo. Orodha ya namba haina hata kimoja mpaka watu waketi na kuanza kubishana.

Kwa hiyo uhai wa kisasili hautokani na ukale wake, wala na wingi wa miungu. Unatokana na watu wanaokisimulia na kutofautiana juu yake. Basi tunapokaa kwenye mtihani na kuandika "sifa tano za kisasili" bila kutaja msimulizi wala hadhira hata mmoja, tujiulize: tumemweleza mungu, au tumemhesabia alama 300?